Dada, OG au Kopi?

Kijana aliyeniuliza hivyo hakuinua hata macho. Ilikuwa Desemba, Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwenye kimeza chenye upana wa sinia mbele ya duka la mtu mwingine. Betri ya simu yangu ilikuwa imechoka, nilikuwa naichaji mara tatu kwa siku. OG, yaani orijino, shilingi 80,000, kopi 35,000. "Kopi nayo si mbaya, ila mwakani usije ukanilaumu." Nikachagua OG, na kama kweli ilikuwa OG, hilo analijua yeye na Mola wake. Akapasha mgongo wa simu kwa upepo wa moto, akachomeka kipande cha vocha iliyokwisha kukwanguliwa, akakizungusha pembeni taratibu kama mtu anayefungua barua isiyo yake. Soda yangu haijafika nusu, simu ikawaka.

Simu hiyo hiyo nilikuwa nimeipeleka kwanza kwenye duka lenye idhini ya kampuni huku Leipzig, ninakoishi mwaka wa 11 sasa. Wakanitajia euro 119 na siku nane za kusubiri. Kisha mhudumu, kwa adabu zote, akanionyesha meza ya simu mpya.

Kwa hiyo nilipanda ndege kurudi Ujerumani nikijiona mjanja. Ujanja wenyewe uliisha nilipofungua mipangilio ya simu nikakuta ujumbe kwamba betri hii haiwezi kuthibitishwa, na kwa sababu hiyo sitaonyeshwa afya yake. Nikajua nimepigwa. Nikamtumia fundi picha kwa WhatsApp, akanijibu kwa sauti huku anacheka: "Dada, hata ningekuwekea iliyotoka kwenye simu mpya kama hiyo hiyo yako, ingekuambia maneno hayo hayo."

Nilikuja kuulizia kwa watu wanaojua, nikakuta anasema kweli. Kwenye simu za aina yangu, betri ina kichipu chenye namba yake, na bodi ya simu imefundishwa kuitambua namba hiyo peke yake. Ukiweka nyingine, hata iwe ya kiwanda kile kile, simu inanuna. Programu ya kuzipatanisha ilikuwepo, lakini wakati ule funguo zake zilikuwa kwa kampuni. Kwa hiyo fundi wa Aggrey, ambaye mikono yake ingeweza kushona macho ya sisimizi, alikwama si kwa kukosa ujuzi bali kwa kukosa ruhusa. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sasa mimi niliinunua, na risiti ninayo. Mbona naambiwa kama niliyeazima?

Wenye kampuni wana hoja yao, na nisiwe mnafiki: betri feki ni hatari. Binamu yangu aliwekewa kopi, ikavimba kama andazi mpaka kioo kikainuka. Lakini hatari ya betri si sababu ya kumficha mwenye simu afya ya betri aliyoilipia.

Umoja wa Ulaya umeanza kushtuka. Tangu tarehe 20 Juni 2025, anayeingiza sokoni simu ya toleo jipya anatakiwa kuhakikisha vipuri vyake vinapatikana kwa miaka 7 baada ya simu hiyo kuacha kuuzwa. Na kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vingi vya mkononi zitatakiwa ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe, japo simu zimewekewa vinjia vyao vya pembeni. Nilipomsimulia yule fundi hayo ya 2027 akauliza, "Kwani sasa hivi wanatoaje?"

Watu wa nyumbani mkisikia hivyo mnaweza kudhani nitasema Bongo ni uhuru na Ulaya ni kifungo. Subirini kwanza, maana kuna barua nataka kuwasimulia.

Mwaka wangu wa pili hapa, mdogo wangu wa kiume anayesoma Poland alikuja kulala kwangu siku tatu. Usiku mmoja akashusha filamu kwa torenti, akaitazama, akasahau, akarudi zake chuoni. Baada ya wiki sita nikapata bahasha nene kutoka kwa mawakili. Ndani yake jina la filamu, tarehe, saa, dakika na sekunde, anwani ya intaneti ya nyumba yangu, na dai la euro 915. Pamoja na hilo kulikuwa na karatasi ya kusaini: naahidi sitarudia, na nikirudia nitozwe faini. Barua kama hiyo Wajerumani wanaiita Abmahnung, na ukitaka kumnyamazisha Mwafrika aliyekaa hapa muda mrefu, litamke tu neno hilo mezani.

Mtego wa torenti ni kwamba huku unashusha, huku unawagawia wengine vipande ulivyokwisha kupata. Kwa sheria ya hapa, hapo ndipo unapoacha kuwa mtazamaji ukawa msambazaji. Kuna kampuni ambazo kazi yake ni kukaa humo kwenye torenti kuandika anwani za watu. Mawakili wanakwenda mahakamani, mahakama inaiamuru kampuni ya intaneti itoe jina lako. Mwaka 2013 Bunge lao lilibana ada ambayo wakili anaweza kumdai mtu wa kawaida kwa barua ya kwanza, ila fidia ya filamu yenyewe inaongezwa juu yake. Na mpaka sheria ilipobadilishwa 2017, mwenye Wi-Fi aliweza kubebeshwa makosa ya mgeni wake, ndiyo maana zamani mikahawa ya hapa ilikuwa na keki tamu na hakuna intaneti.

Nilikwenda kwenye ofisi ya ushauri wa watumiaji na barua yangu mkononi. Mama mmoja akaisoma kwa kalamu nyekundu, akasema, "Usisaini kama ilivyo." Mwishowe tukapatana kwa euro 400. Mdogo wangu alinilipa kwa awamu mpaka alipohitimu.

Wakati huo huo, nyumbani Tanga, filamu ile ile ilikuwa inaonyeshwa kibanda umiza, imeshatiwa sauti ya Kiswahili na mtu anayewachekesha watu kuliko waigizaji wenyewe. Mimi mwenyewe nimesoma Mlimani kwa madesa. Kitabu kimoja cha takwimu kingemeza nusu ya boom, yaani hela ya mkopo wa mwanafunzi, kwa hiyo tulikwenda stationery, kikatolewa kopi jalada hadi jalada, kikafungwa kwa plastiki. Leo nina digrii mbili juu ya karatasi zile na siwezi kujifanya nina aibu.

Ila kuna sehemu moja nakwama, nayo ni mjomba wangu.

Mjomba alipiga fidla kwenye kikundi cha taarab, na nyimbo kadhaa alizitunga yeye, mashairi na muziki. Siku moja alikwenda kununua betri za redio akaisikia fidla yake inalia kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo. Akamuuliza kijana, "Hizi kiasi gani?" Akajibiwa, "Nyimbo 50 buku, mzee." Mjomba akatoa buku, akawekewa kwenye memori kadi. Alinunua nyimbo zake mwenyewe kwa sababu hakuwa na nakala hata moja. Kaseti zake zilishaliwa na ukungu, na walikorekodia hakuna aliyejua mikanda ilikwendea wapi.

Nimelifikiria jambo hili miaka na sijalimaliza. Kijana yule alikuwa anakula jasho la mjomba, hilo halina mjadala. Na bila kijana yule na wenziwe waliokuwa wakinakiliana, sauti ya mjomba ingekuwa imepotea duniani. Mwizi na mtunza nyaraka ni mtu mmoja, amevaa jezi ya Simba, anauza na makava ya simu.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Kwa sheria yetu, kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mjomba alifariki 2019, kwa hiyo tungo zake zina ulinzi mpaka 2069. Ujerumani ni miaka 70. Tofauti inayoniuma si hiyo miaka 20, bali mirabaha inayofika mfukoni. Hapa kuna GEMA, inayokusanya zaidi ya euro bilioni 1 kwa mwaka kwa niaba ya watunzi na wachapishaji: saluni, baa, redio, tamasha la kijiji, wote wanalipa. Mpiga fidla wa kiwango cha mjomba angekuwa anaona chochote kila mwaka, hata kama ni cha kununulia betri za redio.

Ila ukiipa GEMA nafasi inazidi pilipili. Mwaka 2010 shule za chekechea ziliambiwa zilipie kopi za karatasi za nyimbo: takriban euro 56 kwa nakala 500 kwa mwaka. Kuimba ni bure, karatasi ndiyo ina bei. Mwalimu wa mwanangu, mama wa makamo, anayakumbuka yale. Aliniambia kuwa Novemba ile, msimu wa watoto kutembea na taa za karatasi usiku wakiimba, waliwafundisha nyimbo kwa mdomo bila karatasi. Nikacheka. Uani kwetu tulifundishwa hivyo hivyo miaka yote na hatukujua kuwa tunakwepa ada.

Basi mama yangu hana habari na hakimiliki wala torenti. Kampuni inayomshika shingo ni ya simu. Ananipigia Jumapili, sauti ya haraka: "Mwanangu sema upesi, bando linakata saa sita." Amelinunua kwa hela yake, limebaki nusu, na saa sita usiku linakufa. Unga ukibaki kwenye debe haufi. Huku nako vifurushi vya intaneti vinakufa kila baada ya wiki nne, tusidanganyane. Lakini salio la fedha, mahakama ya rufaa ya München iliamua tangu 2006 kuwa kampuni haiwezi kulifuta kwa sababu tu muda umepita. Hela ya mteja ni hela ya mteja. Kwetu, nguvu ya namna hiyo nimeiona kwa kelele zaidi kuliko kwa mahakama. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotoka, watu walilalama mtandaoni mpaka Serikali ikazisitisha. Miezi mitatu baadaye ikaja tozo ya miamala ya simu, watu wakalalama tena, ikapunguzwa. Kelele inafanya kazi, sikatai. Tatizo lake ni kwamba inabidi uwe na bando la kupigia hizo kelele.

Sikutaka kuandika refu, ila kuna kitabu. Julai 2009 Amazon iliingia kwenye Kindle (vifaa vyake vya kusomea vitabu) za wateja wake Marekani ikafuta vitabu viwili vya George Orwell, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirudishwa, na Jeff Bezos, bosi wa Amazon wakati huo, akaomba radhi. Kimojawapo ndicho Fortunatus Kawegere alichokitafsiri kwa Kiswahili, *Shamba la Wanyama*. Nakala ya baba ya tafsiri hiyo ipo kabatini Tanga, jalada limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi, na ukurasa wa kwanza una majina matano ya watu walioazima. Wawili kati yao wamekufa. Niliwahi kumweleza baba kwamba Ulaya unaweza kununua kitabu, ukalala, ukaamka hakipo. Aliniuliza kwa nini sikufunga mlango.

Mimi mwenyewe nina vitabu zaidi ya mia kwenye tableti. Nikifa, mwanangu hatarithi hata kimoja, maana nilichonunua ni ruhusa ya kusoma, na ruhusa hiyo inazikwa nami. Niliyasoma masharti siku moja nikiwa na mafua na sina cha kufanya. Tangu siku hiyo, kitabu ninachokipenda nakinunua cha karatasi, na begi langu la Desemba linazidi kilo kila mwaka.

Mwaka huu litazidi zaidi. Nilifanya kosa la kumsimulia jirani yangu wa ghorofa ya pili, bibi wa miaka 78, habari za Aggrey na zile 80,000. Akapiga hesabu kwa euro, akanyamaza. Juzi amenigongea mlango na bahasha: ndani kuna simu yake na ya dada yake, kila moja imeandikwa jina na tatizo lake kwa mwandiko wa shule. Anataka OG. Na ameniuliza kama fundi anatoa risiti.