Sindano bandia na ile nambari ya tatu

Wanaopinga akupancha, tiba ya Kichina ya kudunga sindano nyembamba mwilini, wana hoja moja nzito: mgonjwa akidungwa juu juu, tena mahali pasipo na "mkondo wa nguvu" wowote (njia ambazo tiba hiyo inasema nguvu ya uhai hupita mwilini), hupata nafuu karibu ileile. Basi anayekwenda kwenye kliniki hizi za Nairobi, wanasema, ananunua imani tu. Hoja ina ukweli, ila huishia njiani.

Jaribio linalotajwa sana lilifanywa Ujerumani na kuchapishwa 2007, likiwa na watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya miezi sita, asilimia 47.6 ya waliodungwa kwa kanuni za Kichina walikuwa na nafuu ya maana. Waliodungwa sindano bandia, yaani juu juu na nje ya mikondo hiyo, 44.2. Hapo ndipo wapinzani hufunga daftari. Lakini kulikuwa na kundi la tatu, lililopewa dawa na mazoezi kama ilivyo kawaida ya hospitali. Hao walikuwa asilimia 27.4.

Ishirini na saba! Hata sindano ya uongo iliiacha hospitali mbali. Ni kweli kwamba kundi hilo lilijua halidungwi, na huenda kurudishiwa tiba ambayo tayari imeshindwa kulivunja watu moyo. Pengo lote si la sindano. Hata tukilipunguza, bado kuna kitu. Uchambuzi wa 2018 uliojumlisha wagonjwa 20,827 ulionyesha sindano halisi inaishinda bandia, ingawa kwa kiasi kidogo. Mikondo ya nguvu mimi pia siiamini. Ila mhudumu wa bodaboda anayeshinda juu ya pikipiki kule Outering Road haendi kutibiwa nadharia, anakwenda kutibiwa kiuno.

Na tumlinganishe na nani? Mwenzake hununua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kwenye kemisti, bila cheti cha daktari, akazimeza miezi nenda miezi rudi hadi tumbo litoke vidonda au figo zidhurike. Mwaka 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayowapa madaktari miongozo, ilishauri dawa za aina hiyo zisianzishwe kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoeleweka, na ikaruhusu akupancha ifikiriwe. (Taasisi hiyohiyo, 2016, iliikataa kwa maumivu ya kiuno. Wataalamu nao hawajakubaliana.)

Kinachonitia wasiwasi ni usimamizi. Sheria ya Afya ya 2017 inataka kuwe na chombo cha kusimamia tiba asilia na tiba mbadala, lakini mgonjwa akiwa kitandani mlinzi wake wa kwanza ni macho yake: sindano ifunguliwe mbele yake, itumike mara moja, itupwe. Anayeahidi kuponya kisukari au saratani kwa sindano hizo, muage. Na maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa za jioni, kupungua uzito au miguu kulegea yapelekwe hospitali kwanza, kwa maana huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, nacho kinataka picha na dawa za miezi mingi.