T3 Imeshuka, Figo Zimegoma: Mgonjwa wa ICU Atiwe Homoni?

Ripoti ya maabara siku hizi haikai kwenye faili. Mgonjwa yuko ICU, wodi ya mahututi, hapa Mombasa, figo zimegoma, mtu wa nyumbani ameipiga karatasi picha, na kabla ya alasiri imeshafika Jeddah na London. Huko kuna mpwa aliyesomea ufamasia. Anaona herufi L ubavuni mwa T3, homoni ya tezi ya thairoidi, yaani iko chini ya kiwango. Sauti inarudi kwenye simu: "Shangazi, mwambieni dakta amtie homoni. Mbona wamemwacha hivyo?"

Si swali la kipuuzi, na kumnyamazisha kwa "daktari ndiye ajuaye" ni kumkosea. T3 ndiyo inayouhimiza moyo na kuupa mwili joto. Kwa mgonjwa mahututi hushuka mapema sana, na ugonjwa ukikaza hata T4, yaani thairoksini ambayo mwili huigeuza kuwa T3, hufuata. Imeonekana tena na tena, kwa walioumia figo na wasioumia, kwamba kadiri T3 inavyozama ndivyo uwezekano wa kufa unavyopanda. Isitoshe, wanyama walioumizwa figo kwenye maabara walipopewa thairoksini figo zao zilipata nafuu. Dawa ipo, haina uhaba. Kwa nini basi asitiwe?

Daktari anayekataa huonekana mzembe, au mbaya zaidi, mbahili wa dawa. Mimi naona yeye ndiye asiyeeleweka katika mzozo huu.

Tezi yenyewe ikiharibika, ubongo hupiga kelele: TSH, homoni ya ubongo ya kuiamuru tezi, hupanda kwa fujo ili kuiamsha. Kwa mgonjwa wa ICU, T3 iko chini na TSH imetulia, mara nyingine nayo imeshuka. Ubongo umeiona hali na haukuomba nyongeza. Vimeng'enya vinavyoigeuza T4 kuwa T3 hupunguza kazi, vinavyoivunja T3 huongeza. Nahodha akishusha tanga pepo zikichafuka, abiria mgeni wa bahari hudhani jahazi limeharibika. Kulipandisha tanga kwa nguvu wakati ule si kumsaidia.

Hiyo ni nadharia, na nadharia tamu zimeshaua watu. Ushahidi unaonikaa kichwani ni wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2000. Wagonjwa 59 walioumia figo ghafla waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa thairoksini ya mshipani kwa siku mbili, wengine wakapewa maji tu. Figo hazikufaidika kwa kipimo chochote. Waliokufa upande wa dawa ni 43%, upande wa maji 13%.

Tusiimeze takwimu hiyo nzima nzima. Watu 59 ni wachache. Wangekufa au kupona watatu wanne tofauti, asilimia zingebadilika sana. Tena hiyo 13% ni ndogo mno kwa maradhi haya, ambayo popote duniani huua wengi zaidi wakifikia kuhitaji kusafishwa damu. Huenda kundi la maji lilikuwa na bahati. Anayetetea homoni ana haki ya kusema hivyo, nami nilisema hivyo hivyo moyoni nilipoisoma mara ya kwanza. Lakini ondoa bahati yote unayotaka, bado hukupata nafuu hata ya figo moja. Na kuna jambo linalonizuia kulala juu ya hoja ya bahati: thairoksini iliizamisha TSH zaidi na zaidi, na vifo viliandamana na kuzama huko. Yaani dawa ilikwenda kuzima ile sauti ndogo ya ubongo iliyokuwa imebaki.

Mwaka mmoja kabla yake, 1999, homoni ya ukuaji ilijaribiwa Ulaya kwa mahututi 532, kwa hoja ile ile kwamba wanakonda na homoni haifanyi kazi yake. Katika kundi la Finland walikufa 39% ya waliopewa dhidi ya 20% ya wasiopewa. Katika kundi la nchi nyingine, 44% dhidi ya 18%. Hapa huwezi kusingizia uchache wa watu.

Kotisoli, homoni ya mwili ya kukabili dhiki, ndiyo kete ya upande wa pili, na ni kete ya haki. Haidrokotisoni, ambayo ni kotisoli ya dawa, hutumika ICU kila siku kwa mgonjwa aliyeoza damu kwa maambukizi na presha haishiki hata kwa dawa za kuipandisha. Uchunguzi mkubwa wa 2018, wa watu karibu 3,700, ulikuta vifo vya siku 90 ni 27.9% kwa waliopewa na 28.8% kwa wasiopewa, karibu sawa, ila presha ilishika mapema zaidi. Hata hivyo, angalia inavyotolewa: daktari huitoa kwa sababu presha imekataa, si kwa sababu karatasi ina herufi L.

Na karatasi hiyo hiyo ina H zake, yaani vilivyo juu ya kiwango. Figo zikilala, NT-proBNP, kipimo cha moyo kuelemewa, hupanda hata moyo haujazidiwa kiasi hicho, troponini, kipimo cha moyo kuumia, vilevile, na prokalsitonini, inayotumika kunusia bakteria, huwa juu kuliko ya mtu mwenye figo nzima. Insulini nayo hukawia mwilini kwa kuwa figo ndizo zinazoivunja sehemu yake; dozi ya jana inaweza kumwangusha sukari leo. Kila kipimo cha namna hii kina bei yake, na nyumba inayopitisha mchango kwenye kundi la WhatsApp ina haki ya kuuliza kinapimwa ili kibadilishe nini.

Ningekuwa mimi huyo mpwa, ningeuliza mkojo. Muuguzi huuchungulia mfuko kila saa na kuandika. Mtu wa kilo 70 akitoa chini ya mililita 35 kwa saa, saa sita mfululizo, figo zimeshaumia kwa vigezo vya kimataifa vya 2012, hata kama kreatinini, kipimo cha damu cha figo, bado haijapanda. Kreatinini huchelewa, ni taka inayohitaji muda kurundikana, na kupanda kwake kwa maikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48 ni kigezo kingine. Kisha ningeuliza potasiamu, madini ya damu, na dawa zipi za maumivu mgonjwa alikuwa akinunua duka la dawa kabla ya kulazwa, zisije zikawa ndizo zilizoumiza figo.

Swali moja la tezi ningelibakiza: je, alikuwa akimeza vidonge vya thairoksini nyumbani, au alishakatwa tezi? Huyo haachwi. Akilazwa akiwa hajitambui, familia isiposema, hakuna mwingine atakayejua, na dozi yake itakatika kimyakimya. Vivyo hivyo mgonjwa aliyepoa mwili, mapigo yamezorota na TSH iko juu sana. Huyo ana ugonjwa wa tezi wa kweli na hutibiwa siku hiyo hiyo.

Kosa la mwisho hutokea akishapata nafuu. Ubongo ukizinduka, TSH hupanda kwa muda, pengine mpaka 15 au karibu na 20, na ripoti ya siku ya kutoka ikapata herufi H. Wapo wanaorudi nyumbani na vidonge vya kumeza maisha yote kwa sababu ya siku ile moja. Kama hana dalili, tezi ipimwe upya baada ya wiki sita hivi, na kama TSH imerudi chini yenyewe, hakuna cha kumeza.