Mkutano wa Yerusalemu ulibadili Kanisa kuliko Konstantino na Luther

Uliza darasa lolote la kipaimara ni matukio gani yaliyobadili historia ya Kanisa, utatajiwa Konstantino na uhuru wa ibada mwaka 313, Mtaguso wa Nikea mwaka 325, mpasuko wa Roma na Konstantinopoli mwaka 1054, kisha Martin Luther kule Wittenberg mwaka 1517. Ni mambo makubwa, sibishi. Lakini yote yamesimama juu ya mkutano uliofanyika Yerusalemu karibu mwaka 49, ule wa Matendo ya Mitume sura ya 15, ambao wengi wetu tunaupita mbio ili tufike kwenye safari za Paulo.

Kisa chenyewe kilikuwa tohara. Watu walishuka kutoka Uyahudi hadi Antiokia ya Siria, wakawaambia waamini wa Mataifa kwamba wasipotahiriwa kwa desturi ya Musa hawawezi kuokoka. Paulo na Barnaba wakashindana nao vikali, mpaka ikaamuliwa shauri lipelekwe kwa mitume na wazee.

Tusiwadharau waliodai tohara. Walikuwa waamini wenzao, na walikuwa na Maandiko mkononi. Mwanzo 17 inaiita tohara agano la milele, tena inasema mwanamume asiyetahiriwa atakatiliwa mbali na watu wake. Yesu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane. Ungekuwa mzee wa kanisa siku ile, ungewajibu nini? Kila nikiisoma sura hiyo naona jinsi uamuzi ulivyoweza kuangukia upande wa pili kwa urahisi kabisa, na watu wenye nia njema wakaondoka wakishukuru.

Petro alijibu kwa ushuhuda. Alikuwa ameingia nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi, huko Kaisaria, akaona Roho Mtakatifu akiwashukia watu wasiotahiriwa kama alivyowashukia mitume. Basi kwa nini, akauliza, tuwavike wanafunzi kongwa ambalo baba zetu hawakuliweza, na sisi pia hatukuliweza? Mkutano ukanyamaza, ukawasikiliza Barnaba na Paulo. Ndipo akasema Yakobo, ndugu wa Bwana, mtu ambaye hakuna angemshuku kwa kuidharau torati. Akanukuu nabii Amosi, akaamua watu wa Mataifa wasitaabishwe. Wakatakiwa wajiepushe na mambo manne: vilivyotolewa kwa sanamu, damu, vilivyonyongwa na uasherati. Barua ikaandikwa, na Yuda Barsaba na Sila wakatumwa kuipeleka na kuieleza kwa vinywa vyao.

Hapakuwa na mfalme ukumbini, wala askari mlangoni. Nikea ilikuja na Konstantino ameketi ndani, na walioikataa kanuni ya imani iliyotungwa pale wakapelekwa uhamishoni. Kwangu hiyo ni tofauti nzito. Yerusalemu walioshindwa hoja walikuwa wamepewa nafasi ya kusema, na barua ilithubutu kusema kwamba imempendeza Roho Mtakatifu na sisi.

Mmasai, Mkongo na Mswahili wa pwani wanaobatizwa leo bila kwanza kugeuzwa Wayahudi wanaingia kwa mlango uliofunguliwa siku ile. Inaniuma basi kwamba suala la tohara, safari hii ya wasichana, lilirudi kulipasua kanisa huku kwetu. Mwaka 1929, katika nchi ya Wakikuyu, daktari na mmisionari John Arthur wa misheni ya Uskoti aliwataka waumini waweke sahihi au alama ya kidole gumba kukataa ukeketaji wa wasichana. Wakaiita kirore. Wengi walihama, na shule na makanisa huru yakazaliwa kutokana na mgogoro huo.

Nasema waziwazi: ukeketaji huumiza wasichana, na kanisa lilikuwa na haki ya kuupinga. Hapo ndipo swali la Yerusalemu linapokuwa gumu kweli, maana kuna desturi inayoweza kuachwa iwe ya watu wenyewe, na kuna desturi inayomjeruhi mtu. Ila uamuzi huo ulipaswa kuzaliwa katika kikao ambacho wazee na akina mama wa Kikuyu waliobatizwa wanasimama na kusema kama Petro alivyosema. Walipewa karatasi ya kuwekea dole.

Na bado tunafanya hivyo. Kuna makanisa yanayomkatalia mtoto jina la babu yake kwenye ubatizo, na mengine yanaikemea ngoma ambayo haijamdhuru mtu yeyote. Wachungaji wakitofautiana, mmoja anaondoka na nusu ya waumini, na Jumapili ifuatayo kuna bango jipya mtaa wa pili. Hakuna aliyeitwa kutoa ushuhuda, wala aliyetumwa na barua. Walimu wa kipaimara, nawasihi muitengee sura ya 15 vipindi viwili kamili kabla ya kumfikia Luther, na kimoja wapeni vijana wenyewe waigize: nusu yao waitetee tohara kwa Mwanzo 17, kwa nguvu zao zote.