Kitendo kimoja, mahakama mbili

Ndugu zangu wengi walioko nyumbani huamini kwamba mshtakiwa wa Marekani amelindwa kuliko wa Kenya. Nami niliamini hivyo kabla sijaanza kazi ya ukalimani mahakamani huku. Kisha nikakutana na mzee mmoja aliyekwisha kuhukumiwa katika mahakama ya jimbo, akaitwa tena mbele ya jaji wa serikali ya kitaifa. Akaniuliza, "Mwanangu, hii kesi si iliisha?" Nikalifikisha swali kwa wakili wake. Akajibiwa kwamba ile iliyoisha ni ya jimbo.

Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanakataza mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa lilelile. Shida imejificha katika neno "kosa". Jimbo lina sheria zake, taifa lina zake, na aliyevunja zote mbili huhesabiwa ametenda makosa mawili. Terance Gamble alisimamishwa na polisi huko Alabama mwaka 2015 kwa sababu ya taa mbovu ya gari, wakamkuta na bastola aliyokatazwa kumiliki kutokana na hatia ya zamani. Jimbo likamfunga, kisha serikali ya kitaifa ikamwongezea karibu miaka 3 kwa bastola hiyohiyo. Mwaka 2019 majaji 7 kati ya 9 wa Mahakama ya Juu walibariki jambo hilo.

Hata chini ya serikali moja, tangu kesi ya Blockburger ya 1932, mashtaka mawili huwa makosa mawili iwapo kila moja linadai ushahidi wa jambo ambalo lingine halidai. Uuzaji mmoja wa mofini ulimletea Blockburger adhabu mbili.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Polisi waliompiga Rodney King, dereva mweusi wa Los Angeles, hawakutiwa hatiani na mahakama ya California mwaka 1992. Wawili wao walifungwa kwa sababu serikali ya kitaifa iliwashtaki upya. Nilifurahia haki ile kama wengine. Lakini mlango uleule ndio aliopitishwa yule mzee, naye hakuwa na cheo wala nguvu ya kumdhulumu mtu.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 50(2)(o), haikuishia kwenye kosa. Inataja kitendo: ukishaachiliwa au kutiwa hatiani kwa jambo ulilotenda, usishtakiwe tena kwa jambo hilo. Naliona neno hilo kuwa hazina. Lakini Sheria ya Utaratibu wa Jinai, tuliyoirithi kwa mkoloni, katika kifungu cha 139 bado inaruhusu kufungua baadaye shtaka ambalo lingeweza kuunganishwa na lile la kwanza. Hapo Katiba ndiyo isikizwe.

Kinachoniuma zaidi ni kifungu cha 87(a) cha sheria hiyohiyo ya Utaratibu wa Jinai. Upande wa mashtaka ukiondoa kesi kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, huyo anaachiliwa bila kinga yoyote, na anaweza kukamatwa tena kwa mambo yaleyale. Yaani hajashinda, hajashindwa, na hofu anarudi nayo nyumbani. Ibara ya 157(8) ya Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma apate idhini ya mahakama kabla ya kuondoa kesi. Hakimu asiitoe idhini hiyo kama salamu. Amuulize kiongozi wa mashtaka kwa nini anaiondoa, na kama ana nia ya kuirudisha, amwambie mshtakiwa akiwa bado amesimama kizimbani.