Siku Niliyoshindwa na Sahani ya Mlenda

Kibanda changu cha gemu kiko Chang'ombe, hapa Dodoma, ukuta mmoja na fundi baiskeli. Nina PS4 mbili, na PS3 moja ambayo feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga. Dakika kumi ni shilingi 500. Mle ndani mimi ndiye mwenye nyumba, refa, fundi wa pedi za kuchezea, na mwalimu wa masomo ambayo hakuna aliyeyaomba. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa hili: gemu ikikusaidia, hujacheza wewe.

Wateja walilijua vizuri, hasa kijana mmoja wa bodaboda aliyekwama kwenye Metal Gear Solid V. Gemu ile ya 2015 ina utani wake: ukifa mara nyingi mahali pamoja, inakuuliza kama unataka kofia ya kuku. Ni kofia kweli, imetengenezwa kwa umbo la kuku, na ukiivaa maadui wakikuona hawakushtukii upesi. Kijana akakubali. Nikamwita Kuku mwezi mzima. Akisimamisha pikipiki nje, "Kuku, umepakia wangapi?" Akinunua vocha, "Kuku, unatagia mtandao gani?" Watu wakacheka, nami nikaona nina kipaji.

Mwezi wa saba, ule upepo wetu unapokupulizia vumbi mpaka kwenye meno, shemeji yangu akaja likizo kutoka Dar es Salaam na Nintendo Switch. Akawa na safari ya Singida, akaniachia mashine wiki mbili, ndani yake Mario Kart 8 Deluxe ya 2017, gemu ya mbio za magari.

Siku ya kwanza nusura niue pedi. Pedi zake ni vijiti viwili vinavyochomolewa pembeni mwa mashine, Joy-Con, na mkicheza wawili kila mtu anashika kimoja kwa kukilaza. Sasa vitufe viwili muhimu, SL cha kurusha silaha na SR cha kuserereka kwenye kona, vimejificha kwenye reli, ule ubavu wa pedi unaochomekwa kwenye mashine, vidogo kama punje za uwele. Kwa hiyo kuna kipande cha plastiki chenye kamba, unakitelezesha juu ya reli ili vitufe viwe vikubwa. Kipande kina alama, kujumlisha au kutoa, nayo lazima ifanane na alama iliyo kwenye pedi. Mimi nikakitelezesha kinyume. Kuingia kiliingia bila matata. Kutoka ndiko kulikoleta mgogoro, dakika ishirini nzima, mpaka fundi baiskeli akaja na bisibisi nikamfukuza nayo. Ukifanya kosa hilo usitie chuma: fungua kikufuli chake kidogo, kisha kivute kwa nguvu kirudi kilikotokea. Kitakwaruza kidogo. Mwambie shemeji kilikuja hivyo hivyo.

Baada ya hapo nikaanza kushinda.

Sijui nieleze vipi. Niliwashinda bodaboda wote wa kijiweni, nikamshinda fundi baiskeli, nikawashinda vijana wawili wa chuo waliokuja na maringo yao. Wenzangu wanatumbukia majini, mimi nipo barabarani. Wanapamia nyasi, mimi nipo barabarani. Nikawaeleza siri yenyewe, bure kabisa: dereva mzuri anaisikia barabara kwa makalio.

Kulikuwa na dalili mbili, na zote mbili nilizigeuza sifa. Ya kwanza ni vichochoro. Gemu hii ina njia za mkato zinazopita kwenye nyasi na mchanga, unazikata ukiwa na uyoga wa kuongeza kasi. Gari langu lilikuwa linakataa. Nalielekeza kwenye nyasi, lenyewe linapinda, linarudi barabarani. Nikasema hiyo ni busara ya uzee.

Ya pili ni cheche. Ukishikilia SR huku unakata kona, gari linaserereka na matairi yanatoa cheche: kwanza za bluu, ukiendelea zinakuwa za machungwa, ukiendelea zaidi zinakuwa za zambarau. Ukiachia, gari linasukumwa mbele, na zambarau ndiyo inayosukuma kuliko zote. Kila mtu kibandani alikuwa ameshapata zambarau, hata yule binti anayeuza ubuyu. Mimi wiki nzima naishia machungwa. Nikasema ni mtindo wangu, sitaki kuchosha matairi.

Ndipo Kuku, aliyekaa nyuma anasubiri zamu, akauliza kwa upole kabisa: "Bosi, hako kajiti kalikochomoza nyuma ya gari lako ni ka nini? Mbona langu halina?"

"Antena," nikamjibu.

"Ya nini?"

"Ya redio."

Akaniomba pedi. Akabonyeza alama ya kujumlisha, gemu ikasimama, pembeni zikatokea picha ndogo tatu. Akabonyeza moja. Antena ikatoweka. "Endelea sasa, bosi." Nikaendelea. Kona ya kwanza nilikwenda moja kwa moja, kama mtu anayefuata deni, mpaka shimoni.

Picha zile tatu ni misaada. Ya kwanza ni usukani wa kujiongoza: gari likikaribia ukingo au nyasi, gemu inalivuta lirudi ndani. Ya pili ni kuongoza kwa kuinamisha pedi, kama usukani wa gari. Ya tatu ni mafuta yenyewe, gari linakwenda bila kushikilia kitufe. Usukani wa kujiongoza una gharama zake: unakuzibia baadhi ya njia za mkato, na cheche za zambarau huzipati kamwe. Kila mchezaji ana mpangilio wake. Watoto wa shemeji walikuwa wameuwasha kwa mchezaji wa kwanza na kuuzima kwa wa pili. Na mchezaji wa kwanza kibandani kwangu ni nani? Mwenye nyumba.

Hawa Nintendo ndiyo tabia yao. Kwenye New Super Mario Bros. Wii ya 2009, ukifa mara nane katika hatua moja, linatokea boksi la kijani. Ukiligonga, Luigi, ndugu yake Mario, anakuchezea hatua nzima wewe umekunja nne. Kwenye Super Mario 3D Land ya 2011 ukifa mara tano unaletewa jani la kukufanya usidhurike na maadui. Lakini pale angalau boksi unaliona mbele yako, unaweza kulikataa na heshima yako mkononi. Antena inakaa mgongoni, na mgongo wake mtu haoni.

Kuku hakucheka. Alinirudishia pedi, akasema "pole, bosi," akaenda kuwasha pikipiki. Ile pole ilinikaa kooni siku tatu.

Jumamosi ikawa siku ya kusafisha jina. Dada yangu alikuja na chakula cha mchana, ugali na mlenda, pamoja na mpwa wangu wa miaka minne. Kibanda kimejaa. Nikasimama, nikatangaza: nitacheza bila msaada hata mmoja. Na ili mjue kwamba misaada si kitu, mtoto huyu atapewa yote. Nikishindwa, jogoo wangu mwekundu anachinjwa leo hii.

"Yule wa ua?" dada akauliza.

"Yule yule."

"Acha maneno ya hasira, kaka. Yule jogoo ni wa mama."

Lakini watu walishapiga makofi.

Nikapanga mambo kwa mkono wangu, na hapa ndipo nilipojichimbia. Upande wa mtoto: usukani wa kujiongoza, washa. Mafuta yenyewe, washa. Kuinamisha pedi, zima, maana mtoto huwa anapeperusha mikono na gari lingeyumba hovyo. Hilo la mwisho lilikuwa wema mtupu, nalo ndilo lililoniua: kwa kulizima, pedi ikilala chini popote, hata kichwa chini, gari linaendelea na safari yake.

Upande wangu: zima, zima, zima. Mwendo, cc 200, ngazi ya kasi kuliko zote, ile iliyoongezwa Aprili 2015 kwenye Mario Kart 8 ya kwanza, ya Wii U, mashine ya Nintendo iliyotangulia Switch. Kwa cc 200 hukati kona kwa kuserereka tu. Inabidi uguseguse na breki katikati ya mserereko, la sivyo gari linapitiliza. Nilikuwa nimesoma hilo. Kusoma na vidole ni vitu viwili. Magari ya kompyuta, ondoa. Silaha, ondoa, tusije tukasingiziana bahati.

Kuondoa silaha kulikuwa ujinga wa daraja la kwanza. Yale maboksi yenye alama ya kuuliza, yanayotoa silaha, nayo ni msaada: gemu inapima umbali wako na anayeongoza, na ukiwa nyuma sana inakupa vitu vizito, kama ile risasi kubwa inayokubeba yenyewe na kuwapita wenzako. Ndiyo kamba pekee ya kuokolea aliyebaki nyuma, na mimi nikaikata kabla sijaingia majini.

Njia: Rainbow Road. Barabara iko angani, mizunguko mitatu, na sehemu kubwa haina kingo.

Mtoto alishika pedi kwa mkono ule ule wa kulia aliokuwa akilia ugali. Mlenda ukavutika kutoka kidoleni mpaka kwenye kitufe, uzi mmoja mrefu unaometameta, halafu ukakatika na kulala juu ya reli. Nikajisemea nitasafisha baadaye. (Nilisafisha: kijiti cha masikio chenye spiriti kidogo, mashine imezimwa, pembezoni mwa vitufe bila kulowesha. Mlenda mbichi unatoka. Ukikauka, unachokonoa.)

Tukaanza. Kona ya kwanza nikaanguka. Ukianguka, anakuja Lakitu, yule kobe wa kwenye wingu, anakunyanyua na kukurudisha barabarani, na anakuchukulia sarafu tatu. Sarafu si pambo. Kila moja inaongeza kasi kidogo, mpaka kumi. Kwa hiyo unapoteza muda, kisha unarudishwa ukiwa mzito kuliko ulivyoanguka. Nikaanguka tena. Na tena. Kufikia mzunguko wa pili tulishazoeana na Lakitu kama mtu na konda wa daladala yake.

Nyuma yangu watu walikuwa wanacheka. Nikajua wananicheka mimi, nikakaza macho kwenye nusu yangu ya TV. Laiti ningegeuza shingo.

Mtoto, katikati ya mzunguko wa kwanza, alikuwa ameshiba. Aliitua pedi ndani ya sahani, juu ya mabaki ya mlenda, akajilaza kwenye mkeka, kichwa pajani kwa mama yake, akalala. Gari lake likaendelea. Kila mtu aliona ila mimi. Linafika kwenye kona, linayumba mpaka ukingoni, antena inatikisika, linavutwa ndani, linasonga. Halikuserereka hata mara moja. Halikupata cheche ya rangi yoyote. Linakwenda kama mzee anayetoka kanisani, na njiani likiokota sarafu zilizokaa mbele yake kwa bahati tu.

Mzunguko wa tatu nilipata zambarau yangu ya kwanza. Nilipiga kelele. Nilikata kona moja, safi kabisa, SR imeshikwa, breki nimegusa, nikaachia, gari likafyatuka kama jiwe la manati, likapitiliza kona iliyofuata, likatokomea angani. Lakitu akaja.

Nilipotuliwa, nusu ya pili ya TV ilikuwa inaonyesha namba moja.

"Mjomba wangu," nikasema bila kugeuka, "umejitahidi sana." Kimya. Nikageuka kumpa mkono. Nikakuta sahani.

Fundi baiskeli alikuwa amepiga magoti, machozi yanamtoka. Binti wa ubuyu amejifunika kanga. Dada akanyanyua sahani kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama anayemkabidhi mgeni rasmi kikombe, akanyoosha kwangu. "Mpe mkono basi mshindi."

Nikajaribu kujitetea. Nikasema pedi yangu inavuta kushoto, si mnajua vumbi la Dodoma linavyoingia kwenye fimbo za pedi. Kuku akaichukua, akaingia kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya kurekebisha fimbo za pedi, wote tukatazama. Ukiiachia, kitone kinatakiwa kitulie katikati. Kilitulia katikati kama msumari.

Jogoo alichinjwa saa kumi. Mama aliniambia maneno ambayo hayana haja ya kuandikwa. Nilipotoka nje kunawa nikakuta kapelo yangu bado inaning'inia kwenye msumari wake mlangoni, ila imechomekwa manyoya matatu ya mkia, mekundu, yamepangwa vizuri kama kishungi. Kuku alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake anaangalia barabara. Hakusema neno. Nikaivaa. Jua lilikuwa kali.

Jioni mpwa wangu akaamka, akapewa paja. Akaja mpaka kibandani, mafuta yanamchuruzika kwenye kiwiko, akasimama mbele ya TV iliyozimwa.

"Mjomba," akasema, "zamu yangu bado?"