Nasaha za Baba Hazirekodiwi Mara ya Pili

Mwezi uliopita dada mmoja aliniletea flashi yenye video ya harusi yake. Hakutaka niiguse picha. Alitaka nasaha za baba yake tu, zile dakika sita alizosimama mbele ya meza kuu, kwa kuwa mzee ameshatangulia mbele ya haki na hiyo ndiyo sauti yake waliyobaki nayo. Nikavaa hedifoni. Mzee kapendeza, kanzu imenyooka, lakini kila akifungua kinywa sauti inakwaruza kama redio yenye spika iliyochanika.

Sisi tunaopiga na kuhariri video za shughuli tunakopa mamilioni kununua kamera na lenzi, halafu sauti tunaiachia bahati. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko picha kutoka na ukungu. Picha ya ukungu mtu ataivumilia; nasaha zisizosikika hakuna atakayekaa kuzitazama.

Nilipoikuza michoro ya sauti kwenye kompyuta, vilele vyote, yaani ncha za mawimbi ya sauti, vilikuwa bapa, kama vimepitishwa msumeno. Sauti ya kidijitali ina dari yake, desibeli 0 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti; vilivyo chini ya dari huandikwa kwa alama ya kutoa). Kinachozidi hapo hakihifadhiwi popote, kinakatwa. Ndiyo maana kuishusha baadaye hakusaidii: unapata mkwaruzo uleule, ila mdogo. Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, ina zana iitwayo Clip Fix, na iZotope RX, programu ya kusafisha sauti, ina ya kwake. Zote zinakisia. Zinaangalia wimbi lilivyokuwa likipanda kabla ya kukatwa na lilivyoshuka baada ya hapo, kisha zinachora kilele kilichopotea. Neno moja moja likipasuka, zinafaa sana. Dakika sita mfululizo, hapana. Nilikesha nazo, na sauti ikalainika kidogo, ila haikuwa tena ya mzee yule.

Chanzo nilikijua mapema, maana nimekutana nacho mara nyingi. Mpiga picha aliomba waya kwa DJ, akautoa kwenye mikisa, mtambo wa DJ wa kuchanganya sauti, na kuuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kamera. Tundu lile limetengenezwa kupokea umeme hafifu wa maiki. Unaotoka kwenye mikisa unaweza kuuzidi mara mamia. Baadhi ya kamera zina mpangilio wa kupokea umeme huo mkubwa. Kama yako haina, weka kipunguzi, kifaa cha kudhoofisha umeme huo, katikati ya waya. Kisha mwombe MC apaze sauti kwa nguvu zake zote ukiwa na hedifoni masikioni, ushushe geini, yaani kiwango cha kukuza sauti inayoingia, mpaka vilele vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Mimi siku hizi humfunga msemaji na kinasa sauti kidogo pia, geini chini kabisa, hata kama wenzangu wanaona ni kupoteza muda.

Na hata sauti ikitoka salama, tunaizika wenyewe kwenye uhariri. Mama anamuusia binti yake, na chini yake tumetandaza wimbo wenye maneno, karibu kwa ukubwa uleule. Nasema wazi: hiyo si heshima kwa mama. Anza na maneno. Weka sauti za wasemaji wote kwenye ukubwa mmoja, kisha ndipo ulete muziki, ukae desibeli 18 au 20 chini yao, na panapotoka machozi uzime kabisa. Wapo wanaovuta kila kitu juu ili video iwe na kishindo YouTube. YouTube yenyewe huishusha sauti inayozidi takriban -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani, jinsi sikio linavyousikia), kwa hiyo kishindo chote kinapotea na kinachobaki ni sauti iliyobanwa.

Kwa yule dada, nilimwomba aulize kwenye grupu la kamati ya harusi kama yupo aliyerekodi kwa simu. Akapatikana shangazi aliyekaa meza za nyuma kabisa. Sauti ya mbali, mwangwi wa ukumbi, feni, mtoto analia. Lakini vilele vyote vizima! Nilioanisha simu na kamera kwa vigelegele vya mwanzo, nikakata mngurumo ulio chini ya hezi 100, nikapunguza mvumo wa feni taratibu nisije nikaila sauti yenyewe. Kelele ya nyuma hupunguzika. Kilele kilichokatwa hakirudi kikawa kilekile.

Simu ya shangazi iliishiwa chaji kabla mzee hajamaliza. Dakika nne za mwanzo sasa zinasikika neno kwa neno. Mbili za mwisho, alipokuwa akiwaombea dua, zimebaki na mkwaruzo wake.