Kodi ya ndugu wanne, ushuru wa nani?

Nakuru kuna ploti ya vyumba vinane ninayoifahamu vizuri. Kila chumba ni shilingi 5,000 kwa mwezi, jumla 480,000 kwa mwaka. Mama mwenye ploti alipofariki, iligawiwa wanawe wanne, kila mmoja robo, na hati ina majina yote manne. Kaka mkubwa hupokea kodi kwa M-Pesa na kuiandika kwenye daftari. Kufikia tarehe 20 ya kila mwezi hulipa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, 3,000 kwa PIN yake (nambari ya mlipa ushuru), yaani asilimia 7.5 ya kodi yote, kisha wanagawana kinachobaki. Majuzi dada yao alikataa. Anataka kila mtu atangaze fungu lake mwenyewe kwa KRA, na tangu siku hiyo anaitwa mchochezi.

Utaratibu wa kaka una uzuri wake, sikatai. Fomu ni moja, risiti za fundi hazihitajiki, na ushuru unalipwa kwa wakati. Lakini hebu tumhesabie dada.

Anauza mandazi. Hata ukijumlisha faida yake na robo yake ya kodi, shilingi 120,000, hafikishi 288,000 kwa mwaka. Mtu wa kipato hicho akijaza ritani yake, yaani fomu ya kutangaza mapato ya mwaka, nafuu ya kibinafsi ya 28,800, kiasi ambacho kila mtu hupunguziwa kwenye ushuru wake, hufuta ushuru wote. Hadaiwi hata shilingi. Ila kwa mtindo wa kaka, robo yake ya ushuru wa ploti ni 9,000 kila mwaka. Andazi moja anauza shilingi kumi. Hiyo 9,000 ni mauzo ya maandazi 900, kabla hajatoa unga, mafuta na makaa. Anaamka saa kumi alfajiri kulipa ushuru ambao sheria haimdai, halafu anaambiwa anavuruga familia!

Mwenye kuumia fungu likitengwa ni ndugu wa tatu, aliyeajiriwa, ambaye mshahara wake uko kwenye ngazi ya asilimia 30. Ile asilimia 7.5 ni ya mtu ambaye kodi yake ya makazi inazidi 288,000 na haipiti milioni 15 kwa mwaka. Robo yake haifiki huko, kwa hiyo inaunganishwa na mshahara kwenye ritani ya mwaka. Asilimia 30 ya 120,000 ni 36,000, sawasawa na ushuru wa ploti nzima unaolipwa sasa! Anaruhusiwa kutoa gharama: kama ukarabati na ada za kaunti ni 80,000 kwa mwaka, robo yake ni 20,000, na ushuru unashuka hadi 30,000. Bado ni mzigo, na malalamiko yake yana haki. Mwenye fungu dogo anatozwa kiwango kikubwa kuliko mwenye nyumba ya mamilioni. Hilo Bunge ndilo la kulirekebisha. Halitibiwi kwa kumtwika dada mzigo huo.

Sheria inamtoza mtu, haitozi jengo. Kaka anapotangaza 480,000 kama yake, anakiri mapato ambayo robo tatu yake si yake. Ile ploti ikija kuuzwa au ndugu wakikosana, rekodi za KRA zitaonyesha mwenye nyumba mmoja, na hao watatu watabaki wakieleza.

Hofu ya kaka ni kwamba M-Pesa yake inaonyesha 480,000, na akitangaza 120,000 ataulizwa iliyobaki iko wapi. Ni hofu ya maana. Basi awe na nakala ya hati yenye majina manne, makubaliano ya mafungu yaliyotiwa saini, na kila mwezi awatumie wenzake 10,000 kila mmoja siku ileile kodi inapokamilika, ujumbe wa kila malipo ukihifadhiwa. Gharama nazo zigawanywe kwa nne, na kila mmoja abaki na nakala ya risiti. Daftari tayari analo. Kinachokosekana ni safu tatu zaidi kwenye ukurasa.